Kurasa Nne Nilizozifuta

Mwanangu Nasra,

Umetoka mchana huu kwenda Mambrui kuagana na shangazi yako, nami nimebaki nyumbani na begi lako liko wazi juu ya kitanda. Sitakuandikia habari za nguo za baridi wala za kupiga simu ukifika. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na baba yako atayarudia kesho asubuhi kituoni. Nataka kukuandikia jambo usilolijua, ingawa unadhani unalijua.

Juzi tulipokuwa tukila, baba yako alikuuliza huko Nairobi kazi yako itakuwa nini hasa. Ukamwambia utasoma miswada ya riwaya na kuisafisha kabla haijachapwa. Kisha ukacheka, ukasema: "Waandishi wa siku hizi, Baba, hawawezi kuacha kisa kikaenda. Mara mwandishi anatokeza kichwa, 'Ewe msomaji, haya nayatunga.' Mara anakwambia sura iliyopita ilikuwa uongo. Mimi nikipewa kalamu, sehemu hizo ndizo nitakazozikata kwanza."

Baba yako naye akacheka. "Umemrithi mama yako," akasema. "Si ndiye aliyemtengenezea Mwalimu Kahindi kitabu chake?"

Mimi niliinuka nikaenda jikoni, mkadhani nimefuata chumvi.

Habari za kitabu cha Mwalimu Kahindi umezikuta humu ndani tangu utotoni. Mzee alikuwa akipofuka, mama yako akampigia chapa riwaya yake, ikatoka, jina lake likabaki. Baba yako huwahadithia wageni. Mimi hunyamaza, na watu huchukulia kwamba nanyamaza kwa unyenyekevu. Si unyenyekevu, mwanangu.

Wakati huo ulikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa na kile chumba changu karibu na mahakama, chenye kompyuta moja na mashine ya kutoa nakala. Watu walikuja kuandikiwa barua, maombi ya kazi, hati za kiapo. Wengi walifika na maneno yamewajaa kifuani, hayana mbele wala nyuma, nami nikawanyooshea. Nilijivunia hilo. Siku moja mzee mmoja alitaka kumwandikia mwanawe aliyekuwa Arabuni. Katika maelezo yake alisema "nisamehe" mara nne. Mimi nikaliandika mara moja, kwani niliona neno likirudiwarudiwa hupoteza uzito. Nilipokuwa nikimsomea, alikuwa akikunja vidole.

"Mama," akaniuliza, "zile tatu ziko wapi?"

"Mara moja yatosha, mzee wangu."

"Kwako yatosha," akasema.

Nilimrudishia zote nne, lakini moyoni nilimwona hajui mambo.

Mwalimu Kahindi alikuja mwaka huohuo, ameshikwa mkono na binti yake Dama. Alikuwa amestaafu, anaishi kwao Jilore, na presha ya macho ilikuwa imeshamchukua jicho moja na kulianza la pili. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Dama akaweka mezani madaftari sita.

"Ni riwaya," Mwalimu akasema. "Miaka tisa naiandika. Nataka uipige chapa, niipeleke kwa mchapaji Mombasa nikiwa ningali hai."

"Nitaipiga, Mwalimu, inshallah."

"Ipige kama ilivyo. Ukikuta makosa yangu, yaache."

"Sawa, Mwalimu."

Nilisema sawa. Nataka ulijue hilo kabla hatujaendelea. Hakuna aliyenificha masharti ya kazi.

Mwandiko wa daftari la kwanza ulikuwa wa mwalimu hasa, umelala sawasawa juu ya mistari. Kufikia la sita herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto na mistari imepandana, maana alikuwa akiandika karibu bila kuona. Nilizoea kusoma kidole kikiwa juu ya karatasi.

Kisa kilikuwa cha ndugu wawili. Mkubwa ndiye anayesimulia, na hana jina, anajiita "mimi" tu. Baba yao amekufa, amewaachia shamba la mikorosho. Mdogo anakwenda Mombasa kutafuta kazi, na baada ya muda inajulikana kwamba shamba limeuzwa kwa siri, na aliyeliuza ni huyo mdogo. Mama yao anatolewa katika nyumba aliyoolewa. Katika sura ya sita, yule mama huenda kila jioni kusimama kwenye mpaka wa shamba ambalo si lake tena, akaita mikorosho kwa majina aliyoipa alipokuwa bibi harusi. Nililia, Nasra. Babu yako alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea wageni na kuangalia sufuria, sikupata nafasi ya kulia. Niliufunga mlango wa ofisi nikalia mpaka adhana ya alasiri.

Lakini msimulizi yule alikuwa na tabia yake. Kisa kikishika kasi, anajitokeza. "Msomaji, hapa nilikaa siku mbili sijui niseme mvua ilinyesha au haikunyesha. Tuseme ilinyesha." Au: "Mzee huyu aliyeingia sasa hivi mimi sikumwita. Kaingia mwenyewe, tumwache." Mahali pengine aliandika tu: "Umeshaniamini? Mapema hivi?"

Mimi sikuwa nimesoma vitabu vya namna hiyo. Nilichukulia ni mtu anayejisemea huku anaandika, kama fundi anavyochora penseli ukutani akajipimia, kisha rangi ikipakwa michoro haionekani. Nikaanza kuyaruka maneno yale. La kwanza nililiruka kwa hofu. La kumi sikulifikiria hata kidogo. Niliona kisa kinang'aa mikononi mwangu, nikafurahi.

Nikafika daftari la sita. Mama wa kisa alikuwa ameshakufa, na yule mdogo hakuja maziko. Nikajua kitabu kimekwisha. Kumbe zilibaki kurasa nne. Nilizipiga chapa kwanza, kwa kuwa mkono ulizoea kwenda mbele ya akili, kisha nikazisoma kwenye kioo cha kompyuta. Maneno yake nayajua mpaka leo:

"Wewe unayenisoma, kama ulilia katika sura ya sita, ulilia kwa jambo nililolitunga. Mdogo wangu hakuuza shamba. Niliuza mimi, nipate kwenda chuo cha ualimu, na jina lake nililiweka juu ya dhambi yangu kwa kuwa alikuwa mbali, hawezi kujitetea. Nimekufanya uniamini kwa njia ileile niliyomfanya mama yangu aniamini. Sasa umeona ilivyo rahisi."

Na yakaendelea hivyo, kurasa nne, sura kwa sura, akionyesha wapi alidanganya na alidanganya vipi.

Nilihisi kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Nilikuwa nimemlilia yule mama. Ndani ya machozi yale nilikuwa nimemlilia baba yangu. Na huyu mzee ananiambia nililia bure? Niliziteua zile kurasa zote, nikabonyeza kitufe kimoja, zikaondoka. Baadaye nilijiambia kwamba nilimsitiri: mwalimu mzima, aliyefundisha nusu ya Jilore, ajiite mwizi na mwongo hadharani? Nilijiambia pia kwamba ule ulikuwa mwisho mzuri zaidi. Sababu hizo zote zilikuja baada ya kidole. Iliyotangulia ilikuwa hasira.

Mwalimu alipokuja kuchukua kazi, alishika rundo la karatasi akalipima kwa mikono.

"Vyote vimo?" akauliza.

"Vimo, Mwalimu."

Madaftari akaniachia. Alisema yeye hayaoni tena, na nyumbani hataki yakae.

Kitabu kikatoka, nakala mia mbili. Dama alitaka kumsomea, akakataa. Alisema anakijua chote, na maneno mengine yaliyomo hataki kuyasikia katika kinywa cha mwanawe. Watu Jilore walikipenda mno. Walimu walikisoma, wazee wakasomewa, na kila mtu akaenda akisema kwamba ni kweli tupu. Sikuelewa kwa nini wanasema ni kweli, maana sikujua kwamba Mwalimu ana ndugu.

Nilielewa siku aliyokuja Karisa.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Alibisha hodi mzee mrefu, mabega mapana, mikono imechubuka kwa saruji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kile kiti cha wateja na kitabu cha Mwalimu mkononi.

"Mimi ni Karisa," akasema. "Mwashi, nakaa Gede. Kahindi ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja."

Nikaiacha kibodi.

"Zamani shamba letu liliuzwa," akaendelea. "Ikasemwa niliuza mimi. Mama yangu alikufa hajasema na mimi neno, na Jilore sikanyagi. Mwaka huu kaka kaniletea ujumbe: Karisa, nimeandika kitabu, kisome mpaka mwisho. Nikasema alhamdu, ameamua kuyasema." Alisema "alhamdu" ingawa yeye ni Mkristo, ndivyo tusemavyo huku. "Nimekisoma mpaka mwisho. Nikasema labda sikuelewa, nikarudia. Mama, wewe ndiye uliyekipiga chapa. Hapakuwa na maneno mengine?"

Madaftari sita yalikuwa kwenye droo, chini ya mkono wangu wa kulia. Ningeivuta tu droo.

"Niliandika yaliyokuwamo," nikamwambia.

Hakukasirika. Nafikiri angekasirika ningesema kweli. "Basi," akasema, akakiweka kitabu mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akatoka. Alikisahau, au alikiacha.

Kufuta zile kurasa naweza kukueleza. Nilikuwa na uchungu, nilikuwa mjinga wa vitabu. Lakini kwa jibu lile nililompa Karisa sina maelezo. Niliogopa tu. Niliogopa mji utasema Rukia huharibu kazi za watu. Nikamwacha mtu aondoke mlangoni mwangu amebeba uongo wa ndugu yake kwa mara ya pili, na safari hii alibebeshwa na mimi.

Nilikaa hivyo miezi mitano. Nilikuwa nikikusaidia kazi zako za shule, nikicheka na baba yako, nikiswali. Ukiuliza mtu anawezaje kuishi na jambo kama hilo, jibu ni kwamba anaishi vizuri tu. Hilo ndilo la kutisha.

Katika miezi ile nilikisoma kitabu upya, safari hii kutoka kwenye madaftari, na yale niliyoyaruka nikiyasoma kwa sauti. Nikaona nilichokuwa sikioni. Kila alipojitokeza, msimulizi alikuwa akinipa onyo. Alikuwa akisema: nitazame vizuri, mimi ni mtu wa kutunga. Bibi yako alipokuwa akitukalisha kutupa hadithi, alianza hivyohivyo: uongo njoo, utamu kolea. Alikiri kabla hajafungua kisa, nasi tukaitikia tukicheka. Mwalimu alikuwa akikiri kidogokidogo, akingoja nimwitikie, mpaka akafika pale alipokusudia. Nami nikayatoa yale maonyo yote moja moja, nikabakisha udanganyifu mtupu, umepigwa pasi vizuri.

Kilichonivunja ni Dama. Alikuja kutaka barua ya hospitali ya baba yake. Nilipokuwa nikiandika, nikamuuliza hali ya mzee.

"Macho yamekwisha," akasema. "Hukaa uani akisikiliza pikipiki zinazopita. Kila ikisimama huuliza, 'Ni Karisa?' Mimi humwambia, Baba, baba mdogo hatakuja, mwaka wa ngapi huu? Naye hunijibu, 'Labda hajafika mwisho wa kitabu. Karisa husoma polepole.'"

Sikuweza kuimaliza ile barua. Nilimwambia Dama mashine imekwama, arudi kesho. Asubuhi yake nikafunga ofisi, nikayafunga madaftari kwenye leso, nikaenda Jilore.

Nilimkuta uani. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti, akafurahi, akamwita Dama alete chai. Nikamwambia asilete. Nilisimama mbele yake, maana kuketi nilishindwa.

"Mwalimu, kurasa nne za mwisho hazimo kitabuni."

Jogoo alipita kati yetu.

"Mchapaji?" akauliza.

"Mimi. Nilizifuta. Na maneno yako mengine ya kumsemesha msomaji, nayo niliyatoa. Na Karisa alikuja ofisini kuniuliza, nikamkana."

"Alikuja." Hilo ndilo alilolishika. "Kwa hiyo alifika mwisho."

"Alifika mara mbili."

Alifunga macho yake yasiyoona. Nilingoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Kwa nini?" kwa sauti ya mwalimu anayetaka kujua mwanafunzi amekosea wapi kwenye hesabu.

"Nilikasirika. Nililia kwenye sura ya sita, nilikuwa nimefiwa, kisha ukanicheka."

"Sikukucheka, mwanangu. Nilitaka uone."

"Nione nini?"

"Mama alivyolia. Alilia vivyo hivyo, machozi ya kweli, kwa jambo nililolitunga mimi. Ningeeleza tu, mngesema, ah, alidanganya, wangapi hudanganya. Nilitaka kila anayesoma aonje."

Akaniambia nimsomee zile nne. Nikasoma. Alikuwa akichezesha midomo pamoja na mimi, hakukosea hata neno. Nilipomaliza akasema, "Mpelekee."

Karisa nilimkuta Gede juu ya jukwaa, akijenga ukuta wa nyumba ya mtu. Alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akapokea daftari la sita. Alisoma kwa muda mrefu. Kweli husoma polepole. Nikamwambia yote niliyomwambia ndugu yake. Nilitaraji anitukane, au alie, au acheke. Akanirudishia daftari.

"Hapa anasema amenidanganya kurasa mia," akasema. "Kisha anataka niamini hizi nne. Nitajuaje kama hizi nne nazo si hadithi?"

"Ni kweli, mzee wangu. Ameniambia kwa kinywa chake."

"Wewe amekwambia. Mimi je?" Akapanda ngazi tena. Alipofika juu akasema bila kunigeukia, "Mwambie nataka kumsikia yeye. Simtaki huyo wa kitabuni."

Mwalimu alipopata jibu hilo aliugua siku tatu. Dama aliniambia hakula. Tangu ujana wake alikuwa akiweza kusimama mbele ya darasa la watoto sitini, lakini hilo moja la kukiri kwa kinywa chake hakuwahi kuliweza, ndipo akalitafutia mtu wa karatasi amsemee. Siku ya nne akaomba gari. Nilikodi teksi ya jirani, tukaenda naye mimi na Dama.

Karisa alituwekea viti chini ya baraza. Mkewe alitusalimia akaingia ndani. Walizungumza Kigiriama, nami Kigiriama nakisikia, ingawa ulimi wangu hauendi. Mwalimu alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaanza kwa sauti ya kusimulia:

"Palikuwa na ndugu wawili, baba yao alipokufa—"

"Hapana, kaka," Karisa akamkatiza. "Anza na 'mimi'."

Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Nilitaka kumsaidia, nimpe neno, kama nilivyokuwa nikiwapa watu ofisini. Dama alinishika mkono.

"Mimi niliuza," Mwalimu akasema. "Karisa, mimi niliuza shamba, nikasema ni wewe."

Yalikuwa maneno hayo tu. Karisa alitazama chini.

"Mama alikufa hajui," akasema baadaye.

"Alikufa hajui."

"Hilo huwezi kuliandika upya."

"Siwezi."

Kisha Karisa akainuka, akaingia ndani, nikadhani ameondoka. Akarudi na birika la maji na beseni. Akachukua mikono ya kaka yake, mmoja baada ya mwingine, akamnawisha, kwa sababu mzee haoni na chakula kilikuwa tayari. Hawakukumbatiana. Walikula sima na mchuzi wa papa, wakazungumza habari ya binamu yao mmoja aliyevunjika nyonga. Kama alimsamehe, mimi sikuambiwa, na haikuwa haki yangu kuuliza.

Mwalimu Kahindi alifariki kabla ya mwaka kwisha. Karisa alikanyaga Jilore kwa mara ya kwanza tangu asingiziwe, siku ya maziko. Watu walimtazama kwa macho ya kitabu, nilimwona mwanamke mmoja akimnong'onezea mwenzake, "Ndiye yule wa shamba." Nilikuwa nimebeba lile daftari lenye zile kurasa. Nilimfuata Karisa nikamwomba ruhusa nizisome mbele ya waombolezaji.

"Leo ni siku yake," Karisa akasema. "Usimwaibishe amelala."

Kwa hiyo nilifanya nililoweza. Nilizipiga chapa upya zile kurasa nne pamoja na yale maneno yote niliyoyaruka, nikatoa nakala, na mimi na Dama tukazunguka na gundi, nyumba kwa nyumba, shule kwa shule, Jilore mpaka Malindi, tukizibandika mwishoni mwa kila kitabu tulichokipata. Unakumbuka ule mwaka niliokuwa nikirudi jioni na miguu imejaa vumbi? Baba yako nilimwambia mchapaji aliruka kurasa. Watu wengi walitupokea vizuri. Wengine walisoma palepale wakakifunga kitabu. Mama mmoja alikikumbatia kitabu chake, akakataa katakata. "Mimi hadithi yangu naijua," alisema. "Nimeililia. Msije mkaniharibia." Tulimwacha. Ningemwambia nini, mimi? Nakala kama arobaini hatukuzipata kabisa. Ziko mahali, na humo Karisa angali mwizi, ingawa na yeye ameshafariki.

Sikuandikii haya nikukataze kukata. Wako waandishi watakaojitokeza kwa maringo tu, ili tuone walivyo werevu. Kata, utakuwa umewasaidia. Lakini mimi sikuweza kumtofautisha anayeringa na anayekiri, kwa sababu nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika ana mkono mwepesi. Ningeweza kumpigia Mwalimu simu. Ningeweza kumuuliza swali moja: "Hapa unasema na nani?" Angenijibu.

Nimefika hapa nimeisoma barua hii tangu juu, na nimejiona. Mwalimu alichukua miaka tisa kuandika jambo la kusema kwa dakika moja. Mimi nimechukua kumi na minane, tena nimengoja utoke nyumbani ndipo nikashika kalamu. Nilikusudia kuiweka barua katikati ya nguo zako, uikute huko, usome nikiwa mbali na uso wako.

Nasikia sauti yako nje na ya shangazi yako, mnacheka, naona amekusindikiza mpaka nyumbani. Baba yako yuko sebuleni. Nitawaita wote mketi, na yeye pia asikie, kwa kuwa amedanganywa muda mrefu kuliko wewe. Karatasi hizi utazichukua kesho ukizitaka. Kwanza nitazame nikisema.

Mama yako,
Rukia